Pua ya Shamimu na Dirisha la Upande wa Ziwa

Gesi ya Ziwa Kivu huwa haitulii. Jua likizama inapanda, inaingia katika nyumba zinazotazama maji, inawapita watu wazima kwa sababu pua zao zimekomaa, inatafuta pua ndogo kuliko zote ndani ya nyumba, na humo inafanya makao. Ndiyo maana watoto wa kando ya ziwa wanakoroma.

Hayo niliyaamini kwa moyo wangu wote. Aliyeniambia alitoka Nkombo, kisiwa ambacho wavuvi wake wa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, wanakesha juu ya maji, akaja dukani kwangu Kamembe kununua godoro. Nikajiambia: kama kuna muntu anayejua tabia za ile gesi, ni huyu. Baadaye sana niligundua kwamba ni fundi viatu, na kwamba maji anayaogopa kuliko mimi ninavyoogopa mama mkwe.

Isitoshe, mimi ni msomi. Sekondari niliimalizia shule ya jioni, ndevu zikiwa zimenijaa, dawati moja na kinyozi wangu, na mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba gesi hujaza chombo chochote inamowekwa. Pua ni chombo. Unganisha hayo mawili, unapata ugonjwa wa binti yangu, na mtihani umeufaulu.

Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye sasa hivi amekaa kwenye benchi la hospitali, mtoto mapajani mdomo wazi, ameambiwa nyama zilizoota nyuma ya pua ya mtoto zitolewe, naye hajui aseme ndiyo au akimbie. Daktari anaziita adenoidi. Mimi nyumbani kwangu niliziita gesi kwa muda mrefu mno.

Shamimu alikuwa na miaka minne. Duka letu ni la magodoro: nakata sponji, mke wangu anashona foronya na mifuko ya godoro kwa kitenge, na mtoto analala adhuhuri juu ya rundo, juu kabisa, kama malkia. Kukoroma kwake kulianza kiangazi kile cha vumbi, na msidhani ni kukoroma kwa mtoto. Ilikuwa lori la mchanga linalopanda mlima likiwa na gia moja. Vioo vya duka la jirani vilitikisika. Mteja mmoja alisimama mlangoni, akasikiliza, akaniuliza, "Papa Shamimu, haya magodoro yako ndiyo yanafanya muntu alie hivi?" Nikamjibu, "Ni utamu, Mzee. Ulisikia wapi muntu anakoroma hivyo juu ya mukeka?" Akanunua mawili.

Mnaona basi jinsi nilivyochukulia. Wengine wana kengele ya biashara, mimi nilikuwa na binti.

Lakini mwili wa mtoto ulikuwa unabadilika, na mabadiliko ya kila siku huyaoni kwa sababu unaishi nayo. Mdomo haukufungika tena. Midomo ikakauka ikapasuka. Chini ya macho kukawa na weusi kama wa mtu anayefanya kazi ya ulinzi. Akawa anakula polepole, tonge moja, kisha anaacha kutafuna ili apumue, kisha tena. Sahani ya wali ilimchukua muda wa kutosha kujenga nyumba. Sauti yake ikawa ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Na masikio! Unamwita, hageuki. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, anayekaa nasi, alimfundisha sura fupi za Kurani kila asubuhi, akaanza kulalamika kwamba mtoto anarudia herufi nusunusu.

Mimi nikachukua hatua. Nilikata sponji nzito, ile ya bei ya juu, nikaziba dirisha la chumba cha mtoto linalotazama ziwa. Nikaziba pande zote nne na katikati. Chumba kikawa kama ndani ya mto wa kulalia. Mtoto akakoroma zaidi.

Mvua zilipoanza nikampeleka kwa dada yangu Gikundamvura, mashambani, mbali na ziwa, akapumzishe pua. Baada ya siku chache dada akanipigia simu. "Kaka, njoo umuchukue mutoto wako. Mbuzi hazilali, na mimi silali, na yeye mwenyewe halali."

Mke wangu, Maman Shamimu, alikuwa anashona aliposikia. Hakusimamisha cherehani.

"Papa Shamimu. Gikundamvura kuko ziwa?"

"Hakuna."

"Sasa ile gesi yako imefikaje?"

"Ameibeba kutoka hapa."

"Ameibeba mu kikapu?"

Nilikuwa na jibu la kisomi, lakini cherehani ilikimbia ikanizidi sauti.

Aliyetuamsha alikuwa mwanamke mmoja muuza sambaza, Maman Neema, mmoja wa wale waliokulia Congo wakarudi. Alipita adhuhuri kupumzisha kichwa kivulini, akaweka beseni lake chini, akamtazama Shamimu amelala juu ya magodoro. Mimi nilikuwa nataka kuanza mzaha wangu wa kawaida. Akaninyooshea kidole nikae kimya.

"Sikiliza."

Lori lilikuwa limezima. Hakuna sauti. Kifua cha mtoto kilikuwa kinavuta, mbavu zinaingia ndani, shimo la shingoni linazama, na hewa haiingii. Inavuta, haiingii. Kisha akashtuka kama aliyepigwa, akavuta pumzi kwa kishindo, akageuka, na lori likaanza tena.

"Papa Shamimu," akasema, "huyu mutoto halali. Anapigana. Unaona jasho? Muntu anayelala anatoka jasho vile?"

Mke wangu alikuwa amekwisha simama. Tulimtazama mtoto wetu pamoja mchana ule mpaka alipoamka, na kila kimya kilipokuja sisi pia tuliacha kupumua. Jioni Maman Shamimu alifunga cherehani na kifuniko chake, jambo analolifanya Idi tu, akasema, "Kesho hospitali. Ukitaja gesi mbele ya daktari, utarudi kwa miguu."

Kwa hiyo sikutaja. Hilo likumbukeni, kwa sababu lilinifuata.

Hospitali ya wilaya walitupa dawa ya kupuliza puani, tuitumie muda wote wa kiangazi kidogo, kile cha Januari. Tuliitumia kwa nidhamu ya jeshi. Ilisaidia kidogo, kisha ikaacha kusaidia. Mvua kubwa ziliporudi wakampiga picha ya shingo, wakatazama, wakatuandikia kwenda hospitali kubwa upande wa pili wa msitu wa Nyungwe, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Waliandika pia neno operesheni.

Hapo ndipo vita vilipohamia nyumbani.

Mama yangu ni mwanamke wa maneno mengi. Akiuza maharagwe, mnunuzi anaondoka na maharagwe na ukoo wake mzima umesimuliwa. Lakini kuhusu operesheni alikuwa na sentensi moja tu. "Koo ya mutoto haikatwi mara mbili."

"Mama, si koo, ni nyuma ya pua."

"Njia ni moja. Watapita mu koo. Na koo haikatwi mara mbili."

Niliichukua kama methali. Nilifikiri ni ya kwao, ya zamani, nikawaza hata kuiandika mahali. Alisema mtoto atapoteza sauti, hatasoma tena, atakuwa anaongea kama bata na maji yatamtoka puani. Nikamwuliza nani alimwambia. Akashika tasbihi yake, akageukia ukuta. Mimi nikaanza kulegea. Nilimwambia mke wangu labda tungoje kiangazi, labda atakua na pua itakua naye, labda tumhamishie chumba cha nyuma.

Maman Shamimu aliniangalia, mkono kiunoni. "Wewe ulisoma shule ya jioni miaka yote ile, mvua inanyesha, umechoka, ulisema utamaliza, ukamaliza. Sasa mutoto anakosa hewa, unaniambia labda. Mimi niko nakwenda. Ukibaki, baki na mama yako na dirisha lako."

Tulikwenda wote. Hata mama, aliyesema hakubali, alikuwa wa kwanza kukaa katika basi, kikapu mapajani. Kona za Nyungwe mnazijua: basi linaingia kona ya kwanza asubuhi na kutoka ya mwisho ukiwa umezeeka. Shamimu alitapika, akalala, akakoroma, na abiria wote wa mbele waligeuka kutazama kama dereva amepoteza tairi.

Chumba cha kusubiri kilikuwa kirefu, cha rangi ya maziwa, kimejaa watoto wa midomo wazi. Sitaweza kuwaeleza faraja ile. Nilidhani ni binti yangu peke yake duniani, kumbe ni taifa zima! Walikuwa wanatazamana, wanakoroma wakiwa macho, na wazazi wao wana weusi uleule chini ya macho. Mwanamume mmoja akaniuliza, "Wako anatoka jasho?" Nikasema ndiyo. Akasogea kunipa nafasi kwenye benchi. Hatukuhitaji kujuana zaidi ya hapo.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu. Aliposikia tunavyoongea kati yetu akaacha Kinyarwanda, akatusemesha Kiswahili cha Bukavu, alikokulia. Akamweka Shamimu mapajani mwa mama yake, akamwomba afungue mdomo kama simba, akamulika taa. Akatazama muda mrefu. Akamulika tena.

"Kilimi chake kiko wapi?"

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Mimi na mke wangu tukatazamana kama wanafunzi wawili ambao hakuna aliyefanya zoezi.

"Huyu mutoto alikatwa kilimi," daktari akasema. "Kimebaki kidogo sana. Nani alimupeleka?"

Huku kwetu, na ng'ambo ya ziwa pia, mtoto mchanga akikohoa bila kukoma wapo wazee wanaokata kilimi kwa kisu kilichopindwa. Wanaotoka hapo wazima ndio wanaosimulia. Sisi tulikubaliana kabla mtoto hajazaliwa kwamba wetu hatapita huko. Maman Shamimu alianza kulia bila sauti. Na mimi nikasikia ile sentensi upya, kila neno likiwa wazi mahali pake: haikatwi mara mbili.

Nikatoka nje. Mama alikuwa kwenye benchi, tasbihi mkononi, shanga hazisogei.

"Mama," nikamwambia, "daktari ameona."

Hakuuliza ameona nini. Akasimama, akarekebisha mtandio, akaingia mwenyewe mpaka mbele ya meza.

"Ni mimi," akasema. "Alikuwa na miezi michache. Baba na mama wake walikuwa sokoni. Alikohoa mpaka akabadilika rangi, nikaogopa. Nikamupeleka mlimani kwa muzee. Damu ilitoka nyingi. Siku zilizofuata maziwa yakawa yanarudi mu pua. Yalipoacha, nilishukuru Mungu, nikafunga mudomo."

Nilingoja daktari apasuke. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kupasuka; na Maman Shamimu, sitawaambia uso wake ulikuwaje. Daktari akavuta kiti.

"Kaa, mama. Nilikuwa nahitaji muntu wa kuniambia hiyo ya maziwa. Bila wewe singejua."

Akatueleza kwa maneno ya kueleweka. Paa laini la kinywa ndilo linalofunga njia ya pua tunapoongea na kumeza. La Shamimu lilikatwa kidogo, na huenda lilikuwa linasaidiwa na zile nyama kufunga njia. Ukiziondoa zote, sauti inaweza kupitia puani, na chai nayo. Ukiziacha zote, mtoto anaendelea kukosa hewa akilala, na moyo wake unachoka. Alimwambia Shamimu aseme "papa, bibi, tate," akatazama paa likipanda, akaridhika. Angeondoa sehemu ya juu iliyoziba, akaacha ukingo wa chini. Hakuahidi. "Pengine sauti itakuwa ya puani wiki kadhaa. Pengine zaidi. Uamuzi ni wenu."

Kwa hiyo, msomaji wangu, mama yangu hakuwa amekosea kabisa. Hofu yake ilikuwa na mzizi. Kwetu, jambo la mtoto haliamuliwi kabla mkubwa hajasema, kwa hiyo tulipotoka, mama akakaa kwenye benchi la korido, mimi na mke wangu tukasimama mbele yake tukingoja.

"Mbona munaniangalia?" mama akasema. "Mara ile niliamua peke yangu. Leo muamue nyinyi. Mimi nitabeba kikapu."

Maman Shamimu akajifuta uso. "Sisi tuliamua Kamembe. Hapa tulikuja kufanya." Akageuka kwangu. "Ama uko na labda ingine?"

Nilisaini kwa mwandiko mzuri kuliko wa cheti changu.

Asubuhi ya operesheni jambo gumu halikuwa kisu, ilikuwa njaa. Mtoto haruhusiwi kula, naye hajui sheria. Katika wodi nzima kila mtu alikuwa anakula mandazi, au hivyo ndivyo ilivyoonekana. Shamimu aliomba andazi kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, kisha kwa machozi. Muuguzi akampa kofia ya upasuaji, akamwambia hiyo ni kofia ya bibi harusi. Akaivaa, akaacha kulia, akatuuliza bwana harusi ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama, akasema hapana. Wakamchukua amekaa kitako juu ya kitanda cha magurudumu, anapunga mkono, na mlango ukajifunga.

Muda ule sina mzaha nao. Mama alirudia tasbihi. Maman Shamimu alikunja na kukunjua kitenge kilekile. Mimi nilibonyeza godoro la benchi kwa kidole na kugundua ni sponji mbovu, kisha nikaendelea kuibonyeza, kwa sababu nisingefanya hivyo ningebomoa mlango. Wakati mmoja mke wangu alinyoosha mkono akashika wa mama yangu, akauacha hapo. Msamaha ulikuja baadaye, kwa vipande, mwingine bado uko njiani. Siku ile ulikuja mkono.

Walimrudisha amelala, mchirizi wa damu umekauka kwenye tundu la pua. Alitapika damu nyeusi kidogo. Msiogope, walituambia, ni ile aliyoimeza. Kisha akalala tena, na hapo ndipo sisi watatu tuliposhtuka kwa pamoja. Kimya! Mama akasema, "Hapumui!" Nikamkimbilia muuguzi, nikagonga meza ya dawa. Muuguzi akaja, akatazama, akacheka. Maman Shamimu alikuwa ameweka mkono mbele ya pua ya mtoto, machozi yanatiririka. "Anapumua," akasema. "Mudomo umefungwa."

Mdomo umefungwa. Sikuwa nimeuona hivyo kwa mwaka mzima. Nilikuwa nimesahau kwamba binti yangu ana kidevu.

Baada ya hapo si yote yalikuwa asali. Pumzi yake ilinuka siku kadhaa, harufu ya kuua nzi. Nayo ni kawaida. Sauti ilitoka puani kama tulivyoonywa. Na nyumbani, asubuhi moja, chai ilimtoka puani mbele ya bibi yake. Mama aliachia kikombe kikavunjika. Alikwenda chumbani akakaa huko mpaka swala. Maman Shamimu ndiye aliyemfuata. Sijui waliambiana nini; waliporudi, mama alichukua majani ya maboga, yale ambayo kikonyo chake kina uwazi kama mrija, akamfundisha mjukuu kupuliza mapovu ndani ya beseni, kama daktari alivyotuagiza. Kila siku. Kupuliza, kisha "papa, bibi, tate", kisha sura fupi, herufi kwa herufi. Mvua zikapungua. Chai ikabaki inakotakiwa. Kiangazi kilipofika, sauti ilikuwa imetoka ndani ya debe na kutoka puani pia, na jirani akalalamika kwamba sasa mtoto anaongea mno.

Kuna jambo moja hakuna daktari aliyenitayarishia. Siku moja Shamimu aliingia dukani, akasimama, akavuta hewa kwa pua, akakunja uso. "Baba! Magodoro yananuka!" Alikulia humo. Hakuwahi kuyanusa. Jioni ile alinusa kila kitu: sabuni, sambaza za Maman Neema, kwapa langu. Alitoa hukumu kwa kila kimoja. Biashara nayo ilishuka, nawaambia, kwa kukosa tangazo la adhuhuri, lakini mama yake analala, na mimi nalala, na mbuzi za Gikundamvura zilitumiwa salamu.

Kama una neno moja la kuchukua hapa, ni hili: mtoto wako akiwa amekatwa kilimi, au ukishuku tu, mwambie daktari kabla. Kama ni bibi aliyempeleka, mlete bibi. Mpe kiti.

Tulirudi kwa daktari katikati ya kiangazi. Alimulika, akasikiliza sura fupi mpaka mwisho, akapiga makofi, akasema tumemaliza. Maman Shamimu alitangulia nje na mtoto. Mimi nikabaki mlangoni. Nilikuwa na swali ambalo nililibeba kupita msitu mara tatu.

"Dogteri," nikasema chini chini, "ile sponji ya dirishani, upande wa ziwa. Niiache mpaka pua ipone kabisa, ama naweza kuitoa? Juu ya ile gesi."

Akauliza gesi gani. Nikamweleza yote, mtu wa Nkombo, fizikia, chombo. Alinisikiliza bila kucheka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

"Papa Shamimu," akasema, "ile gesi iko chini kabisa ya ziwa. Haijui nyumba yako. Kilichokuwa puani ni nyama ya mutoto mwenyewe, ilikua kushinda nafasi yake. Fungua dirisha."